Mkeka Mzito wa Mjomba Mulipola

Wiki iliyopita tulimwacha Losivale chumbani kwake, Mangere, ameinua godoro kwa mikono miwili, na chini ya godoro hakuna kitu.

Mlangoni mtu anabisha hodi.

Kwa wewe uliyefungia samaki gazeti kabla hujalisoma, nakupa kwa kifupi. Daraja la waenda kwa miguu la pale kituo cha treni limeanguka na watu wake. Auckland nzima imevaa nyeusi, kila mtaa una turubai la msiba. Wakubwa, ambao walilikagua daraja lile wakiwa wameketi ndani ya gari na vioo wamefunga, wamepata wa kumbebesha lawama: Pesamino, fundi wa kuchomelea, mdogo wake Losivale. Eti alizing'oa bolti akauza chuma chakavu. Yuko rumande, na kesi ni Jumatatu.

Ukweli wewe unaujua, na Losivale anaujua. Bolti zile zilikuwa za uongo. Nje ganda la bati lililopakwa rangi ya fedha, ndani puti, hii hii ya kuzibia magari yaliyobonyea. Zote zimesagika siku ya ajali isipokuwa moja, nzima, ina nembo kichwani ya kampuni ya Bwana Craddock, aliyelijenga daraja. Pesamino aliificha. Aliishona ndani ya mkunjo wa mkeka wa heshima wa marehemu bibi yao, akaurudisha pale ambapo Msamoa yeyote anaweka mikeka yake ya heshima: chini ya godoro.

"Niletee hiyo bolti," wakili alimwambia Losivale. "Lakini nzima. Nzima, mama, umenisikia? Vipande kila mtu anavyo."

Sasa mkeka haupo. Na mlango unabishwa.

"Nani?"

"Setu, mama. Setu wa Bwana Craddock. Nimekuja kupekua nyumba."

"Kupekua?"

"Ndiyo, mama. Samahani kwa usumbufu. Viatu niviache nje?"

"Viache nje."

Setu aliingia kiubavu, maana mlango haukutengenezewa watu wa umbo lake. Zamani alicheza raga, akamwangukia mwamuzi, akafukuzwa. Siku hizi anatishia watu kwa niaba ya Bwana Craddock. Kazi hiyo anaiweza vizuri mpaka pale anapokutana na mtu aliyemzidi umri.

Na yeye mwenyewe ni mfiwa. Baba yake, mzee Tuala, alikuwa juu ya lile daraja. Bosi kamwambia aliyemuua baba yako ni Pesamino, na Setu kaamini. Alisimama sebuleni kwa Losivale ngumi imekunjwa, kidole gumba kimechungulia kwenye soksi.

"Unatafuta nini?" Losivale aliuliza.

"Sijui, mama. Bosi kasema kitu cha chuma, kama kiganja hivi. Kimeibwa kazini."

"Na usipokijua ukikiona?"

"Nitakuuliza wewe."

Akapekua. Alitoa nguo zote kabatini, akazirudisha zimekunjwa vizuri kuliko zilivyokuwa. Alifungua jiko, akalifunga. Akainua blauzi moja akaitazama kwenye mwanga.

"Hii unaipiga pasi ya moto mno, mama. Imeanza kung'aa."

"Mwanangu, kama huna unachokitafuta, nenda."

Angeondoka. Naapa angeondoka. Lakini mlango ulifunguliwa kwa teke, akaingia Mjomba Mulipola, chifu na msemaji wa ukoo, saruni yake nyeusi ya msibani, usinga begani, katoni ya samaki wa makopo kwenye bega la pili. Mzee huyu akisimama kutoa hotuba watu hutuma mtoto nyumbani azime jiko.

"Losivale! Leo nimesema! Nimesema mpaka mjane kasinzia!"

Akamwona Setu.

"Ee! Wewe si mtoto wa marehemu Tuala? Natoka kwenu sasa hivi! Mbona mfiwa uko huku, umefuata nini?"

"Kupekua, mzee."

"Vizuri, vizuri. Kaa chini."

Setu akakaa. Losivale akajipitisha nyuma ya mgeni na kumkonyeza mjomba. Mjomba akadhani ana kitu jichoni.

"Mjomba," akasema taratibu, "kile cha marehemu bibi, cha kule chumbani..."

"Mkeka? Nimeutoa!" Mjomba alipiga kofi paja lake. "Nimeutoa msibani kwa Tuala. Ninyi mlitaka niende mikono mitupu kama wale waheshimiwa wenu?"

"Mjomba, tafadhali, chai..."

"Subiri, nakwambia akili niliyotumia. Nimeinua godoro, kuna mikeka mitatu. Nikaipima mmoja mmoja mkononi. Wa kwanza mwepesi, wa pili mwepesi, wa tatu mzito! Mzito kama umelowa. Mkeka mzuri, mwanangu, ukipulizwa unataka kuruka. Ule ungeua kuku. Nikasema, haya, huu ndio wa kuutoa."

"Kwa nini utoe mbaya?" aliuliza Setu, ambaye msiba ulikuwa wa kwao.

"Usichukie, kijana, sikiliza siasa. Ninyi mnasema mtoto wetu kamuua baba yenu. Nikileta mkeka mwepesi, wa fahari, mtasema hawa wamekuja kufanya ifoga, wamekuja kupiga magoti chini ya mkeka wakiri kosa. Nikija bila kitu, mtasema hatuna adabu. Mkeka mzito uko katikati. Unasema pole, lakini hausemi samahani."

Losivale alifumba macho.

Setu alikuwa amekunja uso. Vitu huingia kichwani mwake polepole, lakini vikishaingia havitoki.

"Mzito," alisema. "Mzito kama una chuma ndani?"

Akainuka.

"Kaa!" Mjomba akanguruma. "Mfiwa anaingia nyumba ya chifu na kutoka bila sala? Mama yako alikulea porini? Fumba macho."

Setu akakaa. Akafumba macho.

"Nawaletea chai," Losivale akasema, akainyakua katoni ya samaki, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Mjomba alianza na uumbaji wa dunia. Losivale alipofika kona ya barabara, sauti yake ilikuwa bado inasikika, na Nuhu alikuwa hajaanza hata kukata mbao.

*

Nyumba ya marehemu Tuala iko Otahuhu, nyuma ya duka la matairi. Losivale alifika katoni kichwani, akasimama mbele ya turubai, akaishiwa na ujasiri.

Maana kwetu sisi unaweza kumwomba mtu figo. Unaweza kumwomba mtu binti yake. Lakini mkeka ulioutoa msibani hauombwi. Ukiuomba, wajukuu wa wajukuu wako watazomewa kanisani. Njia ni moja tu: unapeleka zawadi, wafiwa wanakurudishia zawadi, nawe unaomba Mungu mkono wao uangukie kwenye mkeka ule ule.

Mjane, Mama Setu, alikuwa ameketi chini ya turubai, mwembamba, mgongo umenyooka kama nguzo.

"Wewe ni dada wa yule," alisema.

"Ndiye mimi, mama."

Mwanamke aliyekuwa anamenya viazi mviringo alisimamisha kisu.

"Umeleta nini?"

"Samaki wa makopo, mama. Kidogo tu."

Mama Setu akaitazama katoni. Ubavuni ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene, kwa mwandiko wake mwenyewe wa adhuhuri ile ile: KWA MULIPOLA, APUNGUZE MANENO.

Desturi ni desturi. Zawadi haikataliwi.

"Tunashukuru sana," alisema mjane, uso haukutikisika, "kwa samaki hawa ambao hatujawahi kuwaona."

Akaashiria. Binti mmoja akaleta mkeka wa kurudishia, akamwekea Losivale mikononi. Ulikuwa laini kama hariri, manyoya mekundu pembeni hayajapungua hata moja, na mwepesi kiasi kwamba ilimbidi aushike usiruke. Mwanamke mwingine yeyote wa Mangere angelia kwa furaha. Losivale naye akalia.

"Mama, huu ni mwepesi mno. Sistahili. Hamna... hamna mzito?"

"Mzito?" Mama Setu alishangaa mpaka akasahau kumchukia. "Mikeka mizito imekwenda ukumbini, kwenye ibada ya mji. Ile ya kuwapa wageni wa Kizungu. Hawajui tofauti, wanakwenda kuwatandikia mbwa."

Breki zikalia barabarani. Setu akashuka kwenye gari jeusi la bosi wake, anahema, mkononi bado ameshika kitabu cha nyimbo alichokabidhiwa na mjomba.

"Mama! Ule mkeka mzito uko wapi?"

"Leo watu wote wamepatwa na nini na mikeka mizito? Uko ukumbini. Na wewe ndiye utakayenipeleka, ibada inaanza. Huyu naye anakwenda, nani atambeba?"

"Mama, huyu hawezi..."

"Setu."

"Ndiyo, mama."

Ndivyo ilivyokuwa, msomaji wangu, mwindaji na mwindwaji wakapanda gari moja, mwindwaji kakaa mbele kwa sababu miguu imemchoka. Setu alitaka kukanyaga mafuta. Kila akikanyaga, mkono wa mama yake ulitoka kiti cha nyuma ukamfinya sikio.

"Polepole. Mpishe yule bibi. Mpishe na yule wa baiskeli."

Kisha Mama Setu akasema, si kwa mtu yeyote, "Alikuwa anakwenda kuninunulia mkate. Mkate ulikuwepo ndani. Nilitaka tu atoke nifagie."

Losivale aligeuka. "Mama, si Pesamino."

"Kila mtu ana ndugu ambaye siye."

"Nakuapia..."

"Usiniapie. Nimechoka kuambiwa. Wakubwa wameniambia, polisi wameniambia, padri ameniambia. Kama una kitu, nionyeshe."

Nilipokuwa na Setu baadaye (na habari hizi nimezitoa kwake) aliniambia kwamba hapo ndipo alipoanza kujiuliza kwa nini bosi anakitaka sana kipande cha chuma.

*

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi madirishani. Mbele, jukwaani, walikuwa wamejipanga wale wakubwa. Unawajua. Suti nyeusi mpya, leso nyeupe isiyo na chozi. Mmoja ni yule Mheshimiwa anayeshughulika na madaraja, jina lake silitaji, halistahili wino. Alipokufa mke wangu hawa hawa walileta shada la maua lenye jina la mtu mwingine.

Pembeni yake alikaa Bwana Craddock, mwenye kampuni, mnene, mwekundu, mpole kama daktari wa meno. Kampuni yake ndiyo iliyotoa maua yote ya ibada. Daraja kalijenga yeye, na maua ni yake.

Losivale alipoingia, wanawake walikuwa wanagawa mikeka kwa wageni. Kila mkeka wanaukunjua kidogo, wanauinua juu, ukumbi unaushangilia, kisha wanaukunja na kumpa mgeni. Alimwona Mheshimiwa akipewa wake. Akaona mwanamke wa mwisho anapanda ngazi na mkeka uliomwinamisha mabega kwa uzito, kona moja haina manyoya, panya waliyatafuna mwaka ule bibi alipolazwa.

Ukawekwa kwenye mapaja ya Craddock.

"Uuuh," alisema Craddock, maana ulimgonga goti.

Bolti pekee iliyobaki katika dunia hii, na sasa imepakatwa na yule mtu anayeitafuta, na yule mtu hajui!

Lakini Setu anajua.

Setu alikuwa ameshaanza kuelekea jukwaani. Alimpungia bosi mikono, akamwonyesha mkeka, akafanya ishara ya kukumbatia: ushike, usiuachie! Craddock akaona mtumishi wake anamsalimu kwa upendo. Akampungia naye. Akabusu vidole, akampulizia.

"Mungu wangu," Setu akanong'ona, akaongeza mwendo.

Ila ukumbini wazee walikuwa wameketi chini, na mbele ya mzee aliyeketi hupiti umesimama. Unainama, unaomba radhi. Kwa mtu wa urefu wa Setu, kuinama ni safari.

"Samahani, mzee. Napita, mzee. Samahani, shangazi."

"Mtoto wa Tuala, pole na msiba. Umekula?"

"Nimekula, shangazi."

"Umekula nini?"

Losivale hakupita kwa wazee. Alipita jikoni. Alitoka mlango wa pili na kikombe cha chai kwenye sinia, na mwanamke mwenye sinia hakuna mtu duniani anayemwuliza anakwenda wapi. Akafika jukwaani Setu bado yuko katikati anaeleza habari za nyama ya chumvi.

Akili yake ilikuwa inataka jambo moja tu: mkeka ukunjuliwe. Ukikunjuliwa, uzi utakatika. Kuuomba hawezi. Kuunyang'anya hawezi. Lakini aliwaona wapiga picha wa magazeti wameketi kwa kuchoka, kamera mapajani, na akamwona Craddock anavyowatupia jicho.

Akainama, akamnong'oneza.

"Bwana, chai yako. Na wapiga picha wanauliza kama utafanya ile ya desturi."

"Ipi?"

"Ile ya mgeni mkubwa kuliko wote. Anaukunjua mkeka, anajifunika, anapiga magoti mbele ya mjane. Picha yake hutoka ukurasa wa kwanza. Kama wewe huwezi, Mheshimiwa hapa atafanya."

Craddock alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa anasinzia.

"Magoti yote mawili?"

"Yote mawili, bwana. Na kichwa ndani."

Usimcheke sana, msomaji. Mtu aliyezoea kupigwa picha akipanda miti, akibeba watoto wa watu, akikata utepe, atakataa vipi mkeka? Bwana Craddock alisimama, akachukua kipaza sauti, akasema kwa sauti ya huzuni, "Leo mimi ni mmoja wenu." Akashuka ngazi. Akafika mbele ya Mama Setu. Losivale akamsaidia kukunjua, vidole vinatafuta ule mshono. Craddock akapiga magoti, mkeka ukamfunika kichwa mpaka soli za viatu.

Kamera zikawaka.

Na ukumbi mzima ukaacha kupumua.

Kwa sababu Mzungu wa watu hakujua anachokifanya, lakini kila Msamoa mle ndani, mpaka mtoto wa kunyonya, alijua. Mtu akijifunika mkeka wa heshima na kupiga magoti mbele ya mjane, anasema neno moja tu: mimi ndiye niliyemuua mumeo.

"Yesu," alisema mtu kule dirishani. "Anakiri."

Mjomba Mulipola, aliyekuwa ametoroka sala yake mwenyewe na kupanda gari la jirani, alisimama akaangusha usinga.

Hapo ndipo uzi ulipokatika. Kitu kikaanguka sakafuni, kikabiringika mbele ya watu wote, kikasimama kwenye kidole gumba cha Setu kilichochungulia soksi, maana viatu alivivua mlangoni.

Setu akakiokota.

Chini ya mkeka, sauti ya Craddock ilitoka kwenye kipaza sauti alichokuwa bado amekishika, na ilisikika mpaka barabarani:

"Setu! Ndicho hicho? Kiweke mfukoni haraka, wasikione!"

"Mwanangu," alisema Mama Setu. "Umeshika nini?"

Setu alitazama bolti. Alitazama nembo. Alimtazama mama yake, ambaye Setu tangu azaliwe hajawahi kumdanganya akafaulu.

"Ni bolti ya daraja, mama. Ina jina la bosi."

"Setu, mpumbavu wewe, hiyo ni mali ya kampuni!" ulisema mkeka.

"Pesamino hakuziiba?" Setu aliuliza polepole. "Bosi, ulisema aliziuza zote. Hii imetoka wapi?"

"Iweke mfukoni!"

"Setu, mwanangu!" Losivale akapiga kelele. "Ishike taratibu! Taratibu!"

Amechelewa. Setu akiwa na hasira mikono yake haimwulizi. Alikunja ngumi, na ndani ya ngumi ile kitu ambacho kilipaswa kubeba daraja zima la watu kilivunjika kama muhogo mkavu. Bati likapasuka. Puti ikamwagika kati ya vidole vyake, nyeupe, ya unga, ikaangukia saruni ya mama yake. Nembo ikagawanyika vipande ambavyo hata mchwa asingevihesabu.

Watu wote wakaona. Watu wote wakajua.

Na ushahidi wa Jumatatu ukawa vumbi.

Losivale alikaa chini. Sauti ya wakili ilikuwa inamzunguka kichwani: nzima, mama, nzima.

Chini ya mkeka pakasikika kitu cha ajabu. Craddock alikuwa anacheka.

"Vumbi!" alisema. "Pelekeni vumbi mahakamani! Kila gereji mjini hapa inauza puti. Mjane, nitolee huu mkeka, nina mkutano."

Sasa sikiliza hili. Aliyejifunika mkeka hajitoi mwenyewe. Anayemtoa ni mwenye msiba, kwa mkono wake, na akimtoa amemsamehe. Asipomtoa, anabaki pale. Jua limwakie, mvua imnyeshee, ni juu ya mjane.

Mama Setu alipangusa puti kwenye saruni yake.

"Nileteeni kiti," alisema. "Na chai."

Akaketi.

Craddock akajaribu kuinuka. Setu akamwekea kiganja mgongoni, taratibu, kama mtu anayefunika sufuria.

"Samahani, bosi. Wazee wameketi."

"Polisi!" alipiga kelele Craddock.

Polisi walikuwepo wawili mlangoni. Mmoja alikuwa kijana wa Otara, mama yake yuko safu ya pili. Alimtazama mama yake. Mama yake akatikisa kichwa. Yule polisi akamwambia mwenzake kwamba mambo ya ibada si vizuri kuyaingilia.

Kisha Mjomba Mulipola akaokota usinga wake, akauweka begani, akasafisha koo.

"Kwa kuwa mgeni wetu amepiga magoti," alisema, "ni haki yake kupewa hotuba. Nitaanza na vizazi vya Tuala, upande wa mama yake."

Ukumbi ukaguna. Watu waliokuwa karibu na mlango wakatuma watoto wakazime majiko.

Alisema. Alisema visiwa, alisema mitumbwi, alisema mashangazi. Mama Setu alimaliza chai akaongezewa. Magoti ya Craddock hayakuwa magoti ya kazi, yalianza kutetemeka, mkeka nao ukawa unatetemeka, yale manyoya machache yaliyobaki yakaanza kudondoka. Mjomba alipotangaza kwamba sasa anaingia upande wa baba, mkeka ulipiga yowe.

"Basi! Inatosha! Mnataka nini? Zipo zingine!"

Mjomba alinyamaza. Watu waliomfahamu tangu ujana wanasema hawajapata kuona jambo hilo.

"Zingine nini?" aliuliza Mama Setu.

"Bolti! Nzima! Si daraja moja tu. Nitoeni hapa!"

"Daraja lipi jingine?"

Mkeka ukanong'ona. Kipaza sauti kikapeleka mnong'ono ule mpaka nyuma.

"Halberton."

Mheshimiwa wa madaraja aliamka. Halberton ndilo daraja la mto lililo kati ya ukumbi ule na mji, ndilo alilolizindua mwenyewe kwa mkasi wa dhahabu, na ndilo alilolipita kuja pale.

"Kuna njia nyingine ya kurudi mjini?" aliuliza, uso umekuwa rangi ya puti.

"Ipo, Mheshimiwa," alisema shangazi mmoja. "Unajua kuogelea?"

Losivale alikuwa ameshasimama. Bolti nzima! Zenye nembo! Zimekaa pale darajani, zinamsubiri mtu azifungue, na Pesamino atatoka. Lakini simu ya Setu ililia, Setu akaiweka sikioni, na Losivale akaona uso wa lile jitu unabadilika.

"Ni msimamizi wa kazi," Setu alimwambia kwa sauti ya chini. "Hajui yanayotokea huku. Anasema bosi aliwaagiza asubuhi. Wako Halberton na lori, wanazing'oa zote, zikatupwe baharini. Wamebakiza upande mmoja. Na daraja halijafungwa, mama. Magari yanapita."

Alimtazama Losivale, akatazama mkeka uliokuwa unalia, akatoa funguo za gari jeusi mfukoni.

"Mama," alisema, "unajua kushika spana?"

Losivale alivivua viatu vyake vya kanisani, akampa Mama Setu amshikie.